Kisiwani bila mkubwa: riwaya ilisema hivi, wavulana sita wakafanya vile

Hadithi za watu waliokwama kwenye kisiwa kisicho na wenyeji haziwachoshi watoto. Daniel Defoe alitoa Robinson Crusoe mwaka 1719, na tangu hapo waandishi hawajaacha kuzamisha meli. Utamu wake uko kwenye vitu vidogo: moto umewashwaje, mbuzi amefugwaje, siku zimehesabiwaje.

Ipo moja, hata hivyo, inayowatia wazazi wasiwasi. Mwaka 1954 mwalimu Mwingereza, William Golding, alichapisha Lord of the Flies. Wavulana wanaanguka na ndege kisiwani, hakuna mtu mzima, na haupiti muda wanaanza kuwindana na kuuana. Mtoto anayeisoma hurudi na swali: kumbe na sisi tukiachwa peke yetu tutakuwa hivyo?

Mzazi anayeulizwa hivyo ana kisa cha kweli cha kumsimulia. Juni 1965, wavulana sita wa shule ya bweni nchini Tonga, Bahari ya Pasifiki, walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa na kutoroka. Dhoruba ikawachania tanga na kuvunja usukani. Walielea siku nane, wakafika kisiwa kitupu cha 'Ata.

Waliishi huko zaidi ya mwaka. Walipofanikiwa kuwasha moto, hawakuuacha uzimike. Walipangiana zamu wawili wawili: shamba, jiko, ulinzi. Maji ya mvua waliyakinga kwenye magogo waliyoyachimba. Kugombana waligombana (watoto sita, nani angetegemea vingine?), ila waliokosana walitenganishwa mpaka hasira zipoe, kisha wakapatanishwa. Mmoja alipoanguka kwenye jabali akavunjika mguu, wenzake walimfunga kwa vijiti na kumfanyia kazi zake. Mguu ukaunga.

Golding hastahili kubezwa kwa hilo. Alikuwa amepigana Vita Kuu ya Pili na alijua binadamu anaweza kufika wapi. Tena wavulana wake wengi hawakujuana, ilhali wale wa Tonga walikuwa marafiki tangu shuleni. Hilo nalo mtoto aambiwe.

Septemba 1966 nahodha kutoka Australia, Peter Warner, aliona mabaka ya nyasi zilizoungua kisiwani, akasogea, akawakuta. Nyumbani walikuwa wameshafanyiwa mazishi. Na walipofika, polisi wakawaweka ndani: mwenye mashua alikuwa bado anaidai.