Sikio linapodunda pamoja na moyo

Ni usiku, mashine ya kusaga imezimwa na nyumba imetulia. Unalaza kichwa kwenye mto, na hapo unausikia: fuu, fuu, fuu, ndani ya sikio moja, kwa mpigo usiokoma. Asubuhi kelele za siku zikianza, mlio unafifia. Usiku unarudi.

Wengi wenye mlio huu hukaa nao kimya. Mmoja hudhani mdudu ameingia sikioni na kumwagia mafuta ya moto. Mwingine huogopa kusema asije akaambiwa amerogwa au amechanganyikiwa. Lakini mlio unaokwenda pamoja na mapigo ya moyo mara nyingi una chanzo kinachoonekana kwa vipimo, na baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika hapo hapo kwenye kituo chako cha afya. Vichache ni vya hatari, na hivyo ndivyo visivyofaa kusubiri.

Huu ni mlio gani?

Milio ya masikio iko ya aina nyingi. Ule wa kawaida ni wa mfululizo, kama nyenje au filimbi, na mara nyingi hutokana na umri, kelele za muda mrefu, au dawa kama kwinini na sindano za jentamaisini. Huo si tunaouzungumzia hapa.

Tunazungumzia mlio unaodunda. Ili kuutambua, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hadi uguse mapigo. Tulia, sikiliza. Kama kila pigo la mkononi linakwenda sawa na pigo la sikioni, basi unachosikia ni mwendo wa damu yako mwenyewe. Hesabu mapigo kwa dakika moja na uandike namba hiyo. Andika pia ni sikio lipi, na tangu lini. Maelezo hayo matatu yatamsaidia sana mhudumu wa afya.

Kwa nini sikio lisikie damu?

Sikio limejengwa katikati ya mishipa mikubwa. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo hupita mbele yake, mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo hupita chini yake, na mwingine hupita ndani ya fuvu, nyuma ya sikio. Kinachotenganisha mishipa hii na sikio ni ukuta wa mfupa, ambao kwa baadhi ya watu ni mwembamba sana.

Fikiria maji kwenye mfereji wa shamba. Yakipita taratibu kwenye mfereji mpana, husikii kitu. Yakiongezeka kasi, au mfereji ukibanwa na jiwe, yanaanza kuvuma. Damu nayo ni hivyo hivyo.

Vyanzo vya kawaida

Upungufu wa damu. Damu ikiwa nyepesi, moyo huisukuma kwa kasi zaidi ili mwili utosheke, na kasi hiyo husikika. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, ujauzito na selimundu vyote vinaweza kuleta hali hii. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu chini ya 12 ni upungufu; kwa mjamzito ni chini ya 11; kwa mwanamume ni chini ya 13.

Presha ya kupanda. Presha ya 140/90 au zaidi, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, inahitaji matibabu hata kama hujisikii vibaya.

Tezi ya shingo. Rovu si jambo geni katika nyanda za juu za kusini, ambako udongo una madini joto kidogo. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka na mwili hukonda. Ukiwa na dalili hizo pamoja na mlio, mwambie daktari.

Mshipa wa shingo uliobanwa. Kwa watu wazima wenye kisukari, presha au wanaovuta sigara, mafuta huganda ndani ya mshipa na kuufanya mwembamba. Mlio hapa ni onyo la kiharusi.

Vyanzo vichache lakini vya hatari

Shinikizo ndani ya fuvu. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa walioongezeka uzito. Kichwa huuma, na ukiinama macho yanaweza kuingia giza kwa sekunde chache. Lisipotibiwa linaweza kuondoa uwezo wa kuona moja kwa moja.

Njia ya mkato ya damu. Mshipa unaotoka moyoni hujiunga na ule unaorudi moyoni bila kupitia mishipa midogo iliyo kati yao, kwenye utando unaofunika ubongo. Njia hiyo inaweza kupasuka na kuvujisha damu kichwani.

Uvimbe wa mishipa ndani ya sikio. Hukua taratibu, mara nyingi si saratani. Mlio huambatana na kupungua kwa usikivu wa sikio hilo. Ndani ya sikio mganga anaweza kuona kitu chekundu nyuma ya ngoma ya sikio. Kisichokonolewe wala kukatwa kipande, kwa sababu kinaweza kutoka damu nyingi.

Je, na usikivu ukipungua?

Kuna njia mbili za kuielewa hali hii, na zina uzito tofauti.

Ya kwanza ni ya kawaida: sikio limezibwa na nta au lina usaha. Sauti za nje haziingii vizuri, kwa hiyo unasikia zaidi za ndani, yaani damu yako. Nta ikitolewa na mhudumu, mlio nao unaweza kuisha.

Ya pili ni dharura. Sehemu ya ndani kabisa ya sikio, inayogeuza sauti kuwa taarifa kwa ubongo, hulishwa na mshipa mmoja mdogo tu. Huo ukiziba, hakuna mwingine wa kuusaidia. Sikio linaweza kuacha kusikia ghafla, na wakati mwingine ni kiharusi kinachoanza. Kupoteza usikivu ghafla si mafua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu yakichelewa, nafasi ya kusikia tena hupungua.

Nenda hospitali leo ukiwa na:

- usikivu uliopotea ghafla, hata kwa sikio moja;
- uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama;
- kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuhisi, au macho kuingia giza;
- kizunguzungu kikali na kutapika, au kushindwa kutembea sawasawa;
- mlio ulioanza baada ya kuanguka, ajali ya bodaboda au kuumia shingo;
- ujauzito pamoja na kichwa kuuma, macho kufifia au uso kuvimba. Hii inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Safari ya matibabu kutoka Litumbandyosi

Huhitaji kuanzia mbali. Kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba mambo matatu: kupimwa presha, kupimwa wingi wa damu, na kuangaliwa ndani ya sikio. Mwombe pia mhudumu aweke kipimo chake cha kusikilizia moyo nyuma ya sikio na kwenye shingo. Kama na yeye anausikia mlio, hilo ni jambo kubwa. Liandikwe kwenye cheti chako.

Mfikirie mama mkulima wa kahawa, mjamzito, mwenye mlio wa masikio yote mawili na damu 8. Vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo na kuhudhuria kliniki vinaweza kuumaliza mlio huo bila yeye kupanda basi. Lakini jirani yake mwenye mlio wa sikio moja tu, damu nzuri na presha nzuri, anahitaji rufaa. Mlio wa upande mmoja usioelezeka usiachwe.

Rufaa hiyo hupitia hospitali ya wilaya Mbinga, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa Songea. Pale panapohitajika picha za mishipa ya kichwa au upasuaji wa ubongo, safari inaweza kuendelea hadi Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Mifupa MOI, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Ni mbali na ni gharama. Ndiyo maana vipimo vya hapa nyumbani vifanywe kwanza na majibu yote yaandikwe, ili usifunge safari hiyo kwa tatizo la nta, wala usibaki nyumbani na tatizo la ubongo.

Wakati unasubiri, usimwage chochote sikioni, usichokonoe, na usikandamize shingo ili kuzima mlio. Ukiwa na dawa za presha, usiziache. Usiku, redio yenye sauti ndogo husaidia kupata usingizi.

Na kama aliye na mlio ni mzazi wako au mwenzi wako, mwamini. Shika mkono wake, hesabuni mapigo pamoja, na kesho mpeleke akapimwe.