Jinsi Picha ya Furu Inavyofupishwa kuwa Rangi Tano

Wasanifu wa nembo, mabango na vitenge huuliza mara kwa mara ni vipi programu ya kompyuta hupokea picha moja, tuseme ya Bismarck Rock jijini Mwanza, ikarudisha rangi tano tu za kutengenezea kazi nzima, ilhali picha yenyewe ina maelfu ya rangi. Rangi hizo, ambazo wenye kazi huziita paleti, hapa zitaitwa rangi wakilishi, jina linalofaa kuliko rangi kuu, kwa kuwa ukuu hudokeza wingi, na wingi ndio unaoipotosha kompyuta.

Upotovu huo huonekana wazi katika picha ya furu aitwaye kisayansi Pundamilia nyererei, samaki mdogo wa miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria, aliyeainishwa mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lililo tayari kuzaliana huwa na mgongo mwekundu, mbavu za njano na mistari myeusi ya wima, lakini likipigwa picha majini sehemu kubwa ya picha huwa ni maji ya kijani na mwamba wa kijivu.

Kila kitone cha picha, yaani pikseli, kompyuta hukisoma kama namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255, hivyo rangi zinazowezekana ni 16,777,216, na zinazofanana huwa jirani kama mitumbwi iliyotawanyika ziwani. Sasa iwepo mialo mitano, iliyowekwa popote kwa kubahatisha, na kila mtumbwi uambiwe kushusha samaki kwenye mwalo ulio karibu nao. Kisha kila mwalo uhamishiwe katikati ya mitumbwi yake, jambo ambalo litafanya baadhi ya mitumbwi ijikute karibu zaidi na mwalo mwingine na kuhama, na mialo nayo ihamishwe tena, mpaka ifike zamu ambayo hakuna mtumbwi unaobadili mwalo. Mahali mialo ilipotulia ndizo rangi wakilishi. Inapendeza kwamba hakuna anayeisimamia mitumbwi yote, na bado kila zamu hupunguza jumla ya miraba ya umbali, au angalau haiiongezi. Stuart Lloyd wa maabara za Bell nchini Marekani aliubuni utaratibu huu mwaka 1957 kwa ajili ya mawimbi ya mawasiliano, ukachapishwa mwaka 1982, mwaka uleule ambao Paul Heckbert alichapisha njia nyingine, ya kuligawa kundi la rangi katikati mara kwa mara.

Kasoro ya utaratibu wa Lloyd ni kwamba katikati ya mitumbwi huenda pasiwe na mtumbwi wowote: wekundu wa nyererei na ubuluu wa ndugu yake wa jamii ya Pundamilia, vikilazimishwa kutumia mwalo mmoja, hutoa zambarau iliyofifia ambayo samaki hao hawana. Ziwani kwenyewe mchanganyiko hutokea kwa njia nyingine, kwani Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka majike hushindwa kutofautisha rangi za madume na spishi huchanganyika. Huko Luanso, katika Ghuba ya Mwanza, hupatikana madume wa rangi za kati.

Msanifu hujiepusha na zambarau hiyo kwa kuchukua pikseli halisi iliyo karibu zaidi na mwalo. Ama mgongo mwekundu uliozidiwa na maji mengi, dawa yake ni mbinu ya David Arthur na Sergei Vassilvitskii ya mwaka 2007, ambayo huupa mtumbwi ulio mbali na mialo iliyokwisha kuwekwa nafasi kubwa zaidi ya kuanzishiwa mwalo wake, hasa umbali ukipimwa kwa mfumo wa rangi wa CIE wa mwaka 1976, unaofuata jicho la binadamu, ambamo wekundu huo huwa mbali sana na kijani cha maji.