MAMA DOKTA FLOWER MSUYA, MWANI, NA BWAWA LETU



Watu wengi wanatuuliza sisi wa darasa la sita Biolojia na Kemia: «Mukimaliza egzamini ya Serikali mutasoma nini? Mambo ya samaki? Hapa Lubumbashi bahari iko wapi?» Swali ni la haki. Samaki ya bahari tunaijua paka tomsoni yenye kutoka mu frigo. Lakini elimu ya kufuga samaki si kitu kigeni kwetu. Mu mwezi wa sita 1949 wataalamu Wabeleji na Waingereza walikutana mu mji huu, wakati ulipoitwa Elisabethville, kuzungumza juu ya kufuga samaki. Na pale Kipopo, karibu na mji, walijaribu tilapia za aina mbili mu mabwawa: moja yenye kula majani, ingine yenye kula vijimea vidogo sana vya majini.

Leo tunaeleza kazi ya mtu mmoja wa upande wa bahari, juu kazi yake inagusa hata lile bwawa letu lenye kunuka nyuma ya jiko.

Mama Dokta Flower Msuya ni Mtanzania. Miaka mingi alifanya kazi Unguja, mu Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yake kubwa ni mwani, ni kusema mimea ya bahari. Ndani ya mwani munatoka kitu kizito kama uji, jina lake karagini, chenye kutiwa mu ayiskrimu, mu dawa ya meno na mu soseji ili vishikane vizuri. (Basi wengine kati yetu tulikwisha kula mwani bila kujua!) Profesa Keto Mshigeni alianza kuuchunguza mwani wa Tanzania tangu miaka ya 1970, na mu 1989 mbegu iliyotoka Ufilipino ilianza kulimwa kwa biashara mu vijiji vya Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni bamama. Maji yakitoka wanapiga vijiti mu mchanga, wanavuta kamba, wanafungia vipande vya mwani pale. Kisha wiki kama sita wanavuna na kuanika.

Udaktari wake aliumaliza mu 2004, Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na hapa njo tunaomba musome polepole. Samaki mu bwawa anakula na anatoa uchafu. Mu uchafu ule muna amonia, na amonia ikizidi samaki anakufa. Lakini kwa mimea, amonia ile ile ni chakula. Yeye pamoja na Amir Neori waliweka mwani wa aina mbili mu maji yenye kutoka mabwawa ya samaki ya Makoba, huko Unguja, wakapima maji mbele na nyuma ya mwani. Amonia ilipunguka, oksijeni ilipanda. Matokeo yalichapwa mu 2002. Hakukuwa mashine ya bei kali pale; ni mimea tu, na mtu mwenye kupima bila kuchoka.

Kisha kulitokea shida ingine. Mwani wa biashara ni wa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni njo inalipa zaidi, lakini haivumilii joto: maji ya kando yakipita kama digrii 30 inadhoofika, inashikwa na ugonjwa, inakatika. Na bahari inazidi kupata moto. Mama Msuya akajaribu kuipeleka kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu ndefu sawa soksi, namna iliyokuwa ikitumika Brazili, ili mawimbi yasiibebe. Mwani ukakubali. Lakini bamama wengi hawakujua kuogelea, na mashua hawana! Kwa kufikiri kwetu, hii ni sehemu ngumu kupita kemia yote, na ni vizuri kwamba hakuifunika.

Tangu 2006 yuko pia mu umoja wa mwani wa Zanzibar, wenye kukutanisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Bamama walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, juu mwani mukavu peke yake unauzwa bei ya chini sana.

Sasa bwawa letu. Kuna wenye kusema lijazwe udongo, na samaki waliobaki wapelekwe jikoni. Sisi tunaomba kwanza lipimwe. Maji ya chini, yale meusi, yapelekwe kwa mufereji mpaka kwenye bustani ya lengalenga, na maji safi yaingie juu. Tugawe bustani mara mbili: upande mumoja maji ya bwawa, upande mwingine maji ya robine, na mavuno yapimwe kwa mizani ya jikoni kila juma. Mwalimu wa kemia amekubali kutusaidia. Wenye majembe waje siku ya posho, saa mbili asubuhi, nyuma ya jiko.