Dawa kwa Jina Lake: Sanduku la Dawa la Nyumbani kwa Gharama Nafuu

Mwanachama apokeapo malipo ya mazao yake, huwa na hesabu ya karo, ya pembejeo na ya deni la duka. Matumizi ambayo kwa kawaida hayaandikwi popote ni fedha za dawa ndogo ndogo: vidonge vya kichwa leo, dawa ya mafua kesho, ya kiungulia kesho kutwa. Kwa kuwa kila mara fedha ni kidogo, hakuna anayezijumlisha. Hata hivyo, sehemu ya fedha hizo hailipii dawa, bali hulipia jina lililochapishwa juu ya pakiti. Tena, asiyejua dawa kwa jina lake anaweza kupata hasara kubwa kuliko ya fedha, kama itakavyoelezwa.

Majina mawili juu ya pakiti moja

Pakiti nyingi za dawa zina majina mawili. La kwanza ni jina la dawa yenyewe, yaani la kile kiini kinachotibu. La pili ni jina la biashara, ambalo kila kiwanda hujichagulia. Parasetamoli, ambayo katika pakiti huandikwa Paracetamol, ni jina la dawa; Panadol ni jina la biashara. Vivyo hivyo ibuprofeni ni jina la dawa, na Brufen ni jina la biashara. Mara nyingi jina la biashara huandikwa kwa herufi kubwa za kuvutia, na jina la dawa huwekwa chini yake kwa herufi ndogo pamoja na kipimo, kama vile 500 mg. Hapo penye herufi ndogo ndipo macho ya mnunuzi yanapopaswa kuelekea.

Sababu ya tofauti ya bei si siri. Kiwanda kinachovumbua dawa mpya hupewa hataza, kwa kawaida ya miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, ili kirudishe gharama zake. Muda huo ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile. Hivyo havikubeba gharama za uvumbuzi, na hushindana kwa bei. Mkulima wa kahawa ataelewa jambo hili bila shida: kahawa ya shamba moja, iliyokobolewa katika mtambo mmoja, inaweza kuuzwa katika pakiti mbili zenye nembo tofauti na bei tofauti. Anayenunua ile ya bei ya juu hanywi kahawa nyingine.

Wako watakaojibu kwamba rahisi inavunja upishi. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo bei imeshuka kwa sababu bidhaa ni hafifu. Lakini dawa isiyo na jina kubwa, iliyosajiliwa kisheria, hupaswa kuwa na kiini kile kile, kwa kipimo kile kile, na kutimiza masharti yale yale ya ubora. Kwa Tanzania Bara, usajili huo ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kinachovunja upishi ni kununua kwa mchuuzi wa mnadani, au kupokea vidonge vilivyofungwa katika karatasi bila jina wala tarehe. Dawa inunuliwe famasi au katika Duka la Dawa Muhimu. Maduka ya aina hiyo yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa ajili ya kuwafikia wananchi walio mbali na famasi.

Tahadhari moja yafaa iwekwe hapa. Mgonjwa anayetumia dawa ya kudumu aliyoandikiwa na daktari, hususa dawa za kifafa, asibadili aina ya kiwanda bila kwanza kumwuliza daktari wake.

Hatari ya kutojua jina

Mtu mwenye homa na mafua humeza vidonge viwili vya parasetamoli. Baadaye hununua dawa ya mafua yenye jina jingine kabisa, akaimeza pia. Hajui kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Kwa hesabu yake ametumia dawa mbili. Kwa hesabu ya ini lake ametumia dawa moja mara mbili. Parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini, na inaweza kuua. Dalili zaweza kuchelewa kwa siku moja au zaidi. Kwa hiyo aliyezidisha hana budi kwenda hospitali mara moja, hata kama anajisikia mzima. Ifahamike pia kwamba huko Marekani dawa hiyo hiyo huitwa acetaminophen, na pakiti zinazoletwa na jamaa kutoka huko huandikwa hivyo.

Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya 500 mg, akisubiri angalau saa 4 kabla ya kurudia, wala asipite vidonge 8 katika saa 24. Aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kwa wingi aombe ushauri kwanza, kwani kiasi hicho chaweza kuwa kikubwa kwake. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, kwa maelekezo ya mtoa dawa.

Vya kuweka sandukuni

Sanduku la nyumbani halihitaji kuwa kubwa. Vifuatavyo vyatosha kwa familia nyingi:

1. Parasetamoli, kwa homa na maumivu. Aspirini wasipewe walio chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Ibuprofeni haifai kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye ugonjwa wa figo. Kwa hiyo si lazima kuiweka.

2. Pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, ijulikanayo kama ORS, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mtoto mwenye kuhara hupewa zinki 20 mg kila siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 hupewa 10 mg. Zinki isikatishwe kwa sababu kuhara kumekoma.

3. Setirizini au klorofeniramini, kwa mwasho na mafua ya mzio. Klorofeniramini huleta usingizi. Aliyeimeza asiendeshe pikipiki wala mashine ya kukobolea.

4. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, kwa kiungulia.

5. Dawa ya kusafishia vidonda yenye povidoni ayodini, pamba, shashi, bandeji, plasta, mkasi na kipimajoto. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Visivyofaa kuwekwa ni vingi zaidi. Mabaki ya viuavijasumu kama amoksilini yasihifadhiwe kwa ajili ya ugonjwa ujao. Dawa hizo hutolewa kwa cheti, humezwa hadi dozi iishe, na hazitibu mafua. Dawa ya malaria nayo isimezwe kwa kukisia: kipimo cha haraka hupatikana katika zahanati, na kipimo hutangulia dawa.

Sanduku halichukui nafasi ya zahanati. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au mwenye damu katika choo apelekwe bila kuchelewa. Vivyo hivyo mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa.

Dawa na dawa

Lugha yetu hutumia neno moja, dawa, kwa kile kinachomezwa na mgonjwa na kwa kile kinachopulizwa kwenye pamba au kahawa. Katika nyumba ya mkulima mambo haya mawili yasikaribiane kamwe. Sumu ya kuua wadudu isihamishiwe katika chupa ya soda wala ya dawa ya kikohozi, na chupa iliyobeba sumu isioshwe kwa matumizi mengine yoyote. Sanduku la dawa lisiwekwe ghalani. Likae mahali pakavu, penye kivuli, mbali na jiko, juu ya kimo cha mtoto, nalo lifungwe kwa ufunguo.

Dawa zibaki katika pakiti zake, maana huko ndiko liliko jina, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndani ya mfuniko ibandikwe karatasi yenye safu nne: jina la dawa, idadi, tarehe ya kununuliwa na tarehe ya kuisha. Inayokaribia kuisha itangulie kutumiwa. Kila miezi mitatu sanduku lihesabiwe kama ghala linavyohesabiwa, na zilizopitwa na wakati zipelekwe kwenye duka la dawa au zahanati ili ziteketezwe. Zisitupwe jalalani wala chooni.

Kazi ya katibu

Chama cha msingi hakiruhusiwi kuuza dawa bila kibali, wala hakishauriwi kujaribu. Lakini katibu anaweza kumwalika mganga wa zahanati aipitie orodha hii mbele ya mkutano wa wanachama, kisha aibandike kwenye ubao wa matangazo, majina ya dawa yakiwa yameandikwa kama yalivyo katika pakiti. Mwanachama ayanakili na kwenda nayo dukani, aulize: "Naomba parasetamoli ya bei nafuu iliyosajiliwa." Mwuzaji akimpa pakiti mbili, alinganishe jina dogo, kipimo na tarehe. Vikilingana, hana sababu ya kulipa zaidi. Na akirudi nyumbani akute jina lile lile kwenye pakiti nyingine, atajua kwamba hizo si dawa mbili.