Mlango na Udhaifu Wake: Habari za Nyumba za Mbulu na Hanang

Mtu akiuliza jioni, "Je, mlango umefungwa?" hujibiwa, "Umefungwa," naye huenda kulala. Lakini Kiswahili chenyewe hakiridhiki upesi hivyo. Kufunga ni neno la jumla tu. Mlango ulioshindikwa umerudishwa hata ukagusa mwimo, wala hauna kizuizi. Upepo waweza kuufungua, na mbuzi pia. Mlango uliokomewa una komeo kwa ndani. Mlango uliopingwa umewekewa kiwi, yaani mti mzito ulalao kutoka mwimo mmoja hata wa pili. Tena uko mlango wenye riza, ndio mnyororo, na wenye tumbuu ya kupitishia kufuli, na wenye kitasa kilichotiwa ndani ya ubao. Watu wa pwani walioyatunga maneno haya walijua kwamba kila namna ya kufunga ina nguvu yake na udhaifu wake. Sisi wa bara tumeyaacha mengi katika hayo, tukabaki na neno moja. Na neno moja laweza kutupoteza.

Nimefundisha katika wilaya za Mbulu na Hanang miaka mingi, nami nimeona nyumba na ghala nyingi zilizoingiwa na wezi. Ni mara chache sana nimeona kufuli lililovunjwa. Mwizi hupita pale ambapo mwenye nyumba hakupatazama. Basi katika makala hii nataka kueleza jinsi wazee wetu walivyolinda maingilio yao, kisha makosa ya milango yetu ya leo, na mwisho neno moja ambalo sisi walimu hatuna ruhusa kulisahau.

NYUMBA ZA KALE

Wairaqw, ambao kwa Kiswahili huitwa pia Wambulu, zamani walichimba nyumba zao katika mteremko wa kilima. Paa lilikuwa tambarare, limefunikwa kwa udongo na majani, hata aliyekuja kutoka upande wa juu hakuiona nyumba mpaka amekaribia sana. Sababu yake ilikuwa vita vya kunyang'anyana ng'ombe, hasa na Wamasai. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Mlango ulikuwa mmoja. Kwa Kiiraqw neno afa maana yake ni mdomo, na hata wanapoutaja mlango hulitumia neno hilo, kana kwamba nyumba ni kiumbe chenye kinywa. Mwenye kinywa hula kwa hicho, husema kwa hicho, na kwa hicho hufa akila sumu. Nadhani hakuna fumbo lifaalo zaidi kwa mlango.

Jirani zetu Wambugwe walifanya kinyume. Wao hawakujificha: walikaa katika mbuga tupu za mashariki ya Ziwa Manyara, pasipo miti, ili adui aonekane tangu mbali. Ulinzi wao haukuanza mlangoni, ulianza kwa macho. Nao Wadatoga wa pande za mlima Hanang, ambao watu wengi huwaita Wamang'ati kwa neno la Kimasai lenye maana ya adui, walizungushia boma lao ua mrefu wa miiba, na usiku wakaziba lango kwa matawi ya miiba hiyo hiyo. Mwiba hauna ufunguo, wala hauazimwi. Anayeusogeza usiku huamsha mbwa na ng'ombe.

Ukizitazama namna hizi tatu, utaona kwamba hakuna iliyotegemea ubao wa mlango peke yake. Mmoja alitegemea kutoonekana, wa pili alitegemea kuona mapema, wa tatu alitegemea kelele. Ubao au tawi lilikuwa la mwisho, la kumchelewesha adui hata watu waamke.

Tena palikuwa na mlango usio wa mti kabisa. Wairaqw wana desturi iitwayo metimani: mtu aliyepatwa na misiba fulani hutengwa kwa muda, haingii nyumba za wengine wala wengine hawaingii kwake. Hapakuwa na kufuli, wala askari. Kila mtu alijua mpaka, akauheshimu. Siisifu desturi hiyo katika kila jambo, maana imewatia upweke watu wengi waliohitaji faraja. Lakini yatufundisha kwamba maingilio ya nyumba hulindwa kwanza na mapatano ya watu, kisha na mti na chuma.

MAKOSA YA MLANGO WA LEO

Sasa nyumba nyingi ni za matofali na mabati, na kila moja ina kufuli. Nitaeleza jambo nililoliona mwenyewe katika shule moja ya Hanang. Ghala la mahindi lilikuwa na mlango wa mbao ngumu na kufuli kubwa la kutisha. Mpishi akaanza kulalamika kwamba magunia yanapungua. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Tukamshuku mpishi, kisha tukamshuku mlinzi, na maneno mabaya yakasemwa ambayo hayakufutika upesi. Hata siku moja fundi seremala, aliyekuja kutengeneza madawati, akautazama mlango akacheka. Tumbuu ilikuwa imeshikwa kwa skurubu mbili fupi, na vichwa vyake viko nje. Mwizi alizifungua kwa bisibisi, akaondoa tumbuu pamoja na kufuli lake, akachukua gunia, akarudisha kila kitu mahali pake. Tulikuwa tumenunua kufuli la bei kubwa, tukalitundika kwenye skurubu za senti chache.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kuutazama mlango kama atazamavyo mwizi, na haya ndiyo makosa niyaonayo mara nyingi.

Kwanza, tumbuu na pete zake. Zifaazo ni zile zilizopita ubao mzima na kukazwa kwa ndani, au zile ambazo mlango ukifungwa huzifunika skurubu zake.

Pili, bawaba. Mlango ufungukao kwa nje huonyesha bawaba zake nje, na kama msumari wa bawaba waweza kusukumwa ukatoka, mlango huo hufunguliwa upande usio na kufuli.

Tatu, mwimo. Katika nyumba za matofali mabichi fremu hushikwa kwa udongo tu. Mvua za miaka miwili zikiupiga ukuta, fremu hulegea. Hapo mlango waweza kuwa wa chuma kitupu, nao utang'oka pamoja na fremu yake kama jino bovu.

Nne, nafasi. Kati ya mlango na mwimo pasiachwe nafasi ya kupitisha kipande cha bati, maana komeo lisilo na kizuizi huinuliwa kwa bati hilo, na anayelala ndani asisikie.

Tano, yaliyo kando ya mlango. Dirisha dogo lililo karibu na komeo ni mkono wa mwizi. Bati la paa lililopigwa misumari michache hufunuliwa. Ukuta wa udongo hutobolewa kwa jembe. Wazee wetu waliokaa chini ya paa la udongo walijua kwamba nyumba ina pande nyingi. Sisi tunadhani ina upande mmoja, ule wenye mlango.

UFUNGUO NA HODI

Makosa hayo ni ya mti na chuma, na fundi mmoja aweza kuyaondoa kwa siku moja. Yako mengine yaliyo magumu zaidi, kwa kuwa ni ya watu.

Ufunguo ni kitu kidogo chenye ndugu wengi. Mwalimu ahamishwaye huondoka na wake mfukoni, bila nia mbaya. Mtunza ghala humwazima kijana ufunguo "kwa dakika tano," na dakika tano zatosha kuupeleka kwa fundi wa kuchonga. Baada ya miaka mitano hakuna ajuaye ziko funguo ngapi. Dawa yake si kununua kufuli kubwa zaidi. Dawa ni daftari: ufunguo huu amepewa nani, siku gani, ameurudisha lini, na usiporudi, kufuli libadilishwe. Hata katika miji mikubwa, ambako majumba ya ofisi yana milango ifunguliwayo kwa kadi, shida ni ile ile: kadi ya aliyeacha kazi isipofutwa, mlango wamtambua kama mtu wa nyumbani.

Kisha hodi. Desturi yetu ya Kiswahili ni nzuri sana: mgeni husimama nje akaita hodi, wala haingii mpaka aitikiwe. Lakini mpango wake kamili una maneno matatu, si mawili. Mgeni asema, "Hodi!" Mwenyeji auliza, "Nani?" Ndipo asemapo, "Karibu." Siku hizi twaruka neno la katikati. Mtu akiita hodi, watoto wajibu "Karibu!" hata kabla hawajainua macho. Katika majengo ya serikali na ya shule pana mlinzi mwenye daftari la wageni. Mgeni huandika jina lolote apendalo, na mlinzi humshukuru. Na mtu akifuatana na wenyeji, akiwa amevaa vizuri na kubeba mafaili, hupita pamoja nao, maana yeyote angeona haya kumfungia mwenzake mlango usoni. Ukarimu ni sifa yetu, wala sitaki tuupoteze. Lakini kuuliza "Nani?" hakuvunji ukarimu. Bibi zetu waliuliza, na hakuna aliyewaita wachoyo.

Wako wanaotumaini kwamba chuma kitatuondolea kazi hii ya kuuliza na kukesha. Na wakumbuke habari ya Joseph Bramah wa Uingereza. Kufuli lake liliwekwa katika dirisha la duka lake mjini London, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa miaka mingi. Hata mwaka 1851 akaja Alfred Charles Hobbs, Mmarekani, akalifungua. Kazi yake ilichukua saa zaidi ya 50. Wengine husema kwamba kufuli lilishindwa. Mimi naona lilifanya kazi yake yote: lilimchelewesha mtu stadi saa hizo zote. Kufuli ni la kuchelewesha. Lakini kuchelewesha kwafaa nini pasipokuwa na mtu wa kusikia?

MLANGO WA KUTOKEA

Nimefika sasa kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika haya yote.

Baada ya wizi ule wa mahindi hofu ilituingia. Tukapatana kwamba bweni la wasichana lifungwe usiku kwa kufuli, kwa nje, na madirisha yatiwe nondo. Nami ndiye niliyepewa ufunguo. Kwa majuma kadhaa nilijiona mlinzi mwema. Usiku mmoja nikaletewa habari ya kufiwa na ndugu, nikaondoka gizani kwa haraka, na ufunguo u mfukoni. Nilipokuwa mbali sana, jua limekwisha kuchomoza, mkono wangu uliugusa. Watoto walikaa ndani hata wanaume wakang'oa nondo za dirisha. Hakuna aliyeumia. Mmoja tu alikuwa na homa, akaniuliza baadaye kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu. Je, kama moto ungewaka?"

Sikuwa na jibu, maana jibu nalijua. Mwezi wa Machi mwaka 1998 wasichana zaidi ya 20 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Bombolulu, huko pwani ya Kenya. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Katika habari hizo mbili yatajwa mambo yale yale: mlango uliofungwa kwa kufuli, na madirisha yenye vyuma. Vyuma hivyo vilitiwa na watu waliowapenda watoto, wakitaka kuwalinda na walio nje.

Wachagga wa Kilimanjaro, walipochimba mahandaki yao kujificha na adui, hawakuacha njia moja; waliingia huku, wakaweza kutokea kule. Walijua kwamba ngome isiyo na njia ya kutokea ni kaburi. Na kiwi cha kale, kile mti cha kulaza nyuma ya mlango, kilikuwa na wema ambao sisi hatukuutambua: aliye ndani ndiye aliyekiweka, naye ndiye aliyeweza kukiondoa, hata gizani, hata akiwa mtoto, bila kutafuta ufunguo.

Basi shuleni kwetu tuliondoa kufuli lile la nje. Sasa mlango wa bweni hukomewa kwa ndani, kwa komeo ambalo msichana mdogo kuliko wote aweza kulivuta. Upande wa pili umetobolewa mlango wa pili, nao hukomewa vivyo hivyo. Dirisha moja lina nondo zifungukazo kwa ndani. Matroni analala karibu, na mbwa wawili wako uani. Kila muhula mara moja, usiku, taa zikiwa zimezimwa, twapiga kengele, na watoto hutoka wenyewe huku nikihesabu.

Mara ya kwanza walichukua muda mrefu, wakakanyagana kizingitini. Mara ya mwisho walikuwa wote uani kabla sijamaliza kuita majina ya kidato cha kwanza. Ewe mwalimu mwenzangu usomaye haya, leo jioni uzunguke nyumba yako na bweni lako. Tazama tumbuu, bawaba, mwimo na paa. Kisha uingie ndani, ufunge mlango, uzime taa, ujaribu kutoka.