Singapore hadi New York: Rula na Tufe

Tandaza ramani ya dunia mezani, kisha uweke rula baina ya Singapore na New York. Rula itakupeleka kusini mwa Bara Hindi, uvuke Uarabuni, jangwa la Sahara na bahari ya Atlantiki. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, niliwahi kupima safari kwa namna hiyo mbele ya wenzangu, nikachekwa.

Rula haina kosa. Kosa ni la karatasi. Juu ya tufe, njia fupi kupita zote ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Sasa tazama: Singapore ipo longitudo digrii 104 mashariki, na New York digrii 74 magharibi. Jumla yake ni 178, karibu nusu ya mzunguko mzima. Basi njia fupi haina budi kupita karibu na Ncha ya Kaskazini, na hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Kutoka Singapore, latitudo digrii 1.4 kaskazini, hadi Ncha ni digrii 88.6. Kutoka Ncha hadi kiwanja cha New York, latitudo 40.6, ni digrii 49.4. Jumla, 138. Zidisha kwa kilomita 111.2 za kila digrii, upate 15,346. Duara kuu lenyewe hupita kilomita 280 hivi kando ya Ncha, nalo ni fupi kwa kilomita chache tu.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari hiyo ingechukua saa 17. Ratiba hutoa saa 18 na zaidi, kwa kuwa ndege huanza na kumaliza polepole, na hewa haitulii. Katika kimo cha kilomita 10 hivi, mikondo ya upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, pengine kwa kilomita 200 kwa saa. Tuseme rubani anayetoka Singapore ashike njia ya Pasifiki, yenye kilomita 16,500, akisukumwa na upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa. Atafika kwa saa 16 na nusu. Njia ndefu imeishinda fupi!

Nusu saa hiyo si kitu kidogo. Ndege aina ya Airbus A350-900ULR, iliyoanza safari hizi mwaka 2018, huweza kubeba lita 165,000 za mafuta, yaani tani 130 hivi, ilhali uzito wake wote wakati wa kuruka hauruhusiwi kuzidi tani 280. Ndiyo maana imewekewa viti 161 tu. Sehemu ya mafuta huteketezwa kwa kuyabeba mafuta yenyewe.

Abiria ana faraja moja. Wakati wa kiangazi cha Marekani miji hii hupishana kwa saa 12 kamili, hivyo hana haja ya kugeuza mishale ya saa yake. Saa mbili ya usiku aisome saa mbili ya asubuhi.