Kwanza Tazama Chini ya Gari

Mwenye Corolla ya mwaka 1998 akipewa makadirio ya fundi ya shilingi 1,800,000, huwa anayapima kwa bei ya gari lenyewe. Sokoni haliendi zaidi ya 3,000,000, basi anaona kulitengeneza ni kutupa pesa. Hesabu hiyo imeangusha watu wengi. Bei ya kuuzia haikwambii gari litakuhudumia kwa gharama gani. Unachopaswa kukijua ni hiki: kwa miaka 2 ijayo, gari hili litakula shilingi ngapi kwa mwezi, na lile unalolitamani litakula ngapi?

Tuchukue mfano wa mtu wa Dar es Salaam. Analipa hiyo 1,800,000, anatenga 2,400,000 kwa matengenezo ya miaka 2, na mwishoni gari limeshuka kutoka 3,000,000 hadi 2,500,000. Jumla ni 4,700,000, yaani kama 196,000 kwa mwezi. Upande wa pili, ananunua IST ya mkononi kwa 11,000,000 na baada ya miaka 2 anaiuza 8,500,000. Hapo kapoteza 2,500,000. Matairi, betri, oili zote na bushi za kuanzia tuseme 1,200,000, sevisi za kawaida nyingine 1,200,000. Sasa ana gari la thamani, kwa hiyo anakata bima kubwa, karibu 900,000 kwa miaka 2. Jumla 5,800,000, kama 242,000 kwa mwezi. Akikopa Saccos sehemu ya hela na riba ikafika 1,000,000, anapanda hadi 283,000.

Bei za mtaani kwako zitakuwa nyingine, weka zako. Ninachotaka ukione ni jinsi pengo linavyokuwa dogo, na jinsi gharama za kuanzia za gari "jipya" zinavyosahaulika. Nimekagua magari mengi ya mkononi na ni nadra sana kukuta lisilodai chochote mwezi wa kwanza. Tena, fedha uliyokwisha kulitia gari lako mwaka jana iache nje ya hesabu. Shokapu mpya zina maana tu kwa sababu hutazinunua tena karibuni.

Katika mfano ule, namba yenye mashaka ni ile 2,400,000 ya matengenezo yajayo. Ikiwa kweli ni hiyo, tengeneza. Ikiwa ni mara mbili yake, uza. Kuijua kunahitaji ukaguzi, na ukaguzi unaanzia chini.

Gari dogo kama Corolla, Vitz au IST halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi: bati lililokunjwa na kuchomelewa ndilo linalobeba injini, shokapu na abiria. Kutu ikila mlango, ni suala la sura. Ikila pale shokapu inaposhikilia bodi, au bati la chini ya milango, au mahali mikono ya magurudumu inapofungwa, gari limepoteza mifupa yake. Liinue kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha gonga sehemu hizo kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kavu. Lililooza hutoa sauti nzito, na ukiisukuma ncha ya bisibisi pengine inazama kabisa. Jihadhari na puti na rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini, kwani huficha mengi. Watu wa Tanga, Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wawe wakali zaidi hapa, kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi. Pickup na Land Cruiser za kazi zina fremu ya peke yake chini ya bodi, na fremu hiyo fundi hodari anaweza kuichomelea. Kwa gari dogo lililooza sehemu za kubeba uzito, ushauri wangu haubadiliki hata injini iwe nzima namna gani: usiliongezee pesa.

Injini inatisha zaidi lakini ina njia. Kabla hujakubali kushusha injini, dai kipimo cha kompresheni. Fundi anatoa plagi zote, anafunga geji kwenye kila silenda kwa zamu na kupiga stata. Injini nyingi za petroli zilizo na afya husoma kati ya bar 10 na 14, na silenda zisipishane sana. Silenda moja ikiwa chini, anatia humo oili kidogo, kama kijiko kimoja, na kupima tena. Msomo ukipanda, ringi au ukuta wa silenda umechoka, na hiyo ni kazi kubwa. Usipopanda, shida iko juu, kwenye vavu au gasketi ya hedi. Gharama za kazi hizo mbili zinatofautiana mno, na kipimo chenyewe ni cha muda mfupi. Fundi anayekataa kupima huku akitaka ovahoo, mwache.

Kama ringi zimekwisha, ulizia kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, bei ya injini iliyotumika kutoka Japani, uilinganishe na ovahoo. Mara nyingi injini hiyo hushinda kwa bei na kwa muda, ila namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA). Usisahau giaboksi: zile za otomatiki aina ya CVT zinataka oili yao maalumu. Nyingi zimekufa kwa kutiwa oili ya otomatiki ya kawaida.

Ukaguzi ukisema uza, usikimbilie kuagiza gari kuukuu la bei ya kutupa. Kwa Tanzania, TRA inatoza kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, si kwa risiti yako. Kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha VAT 18% juu ya mkusanyiko huo. Gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu 15%, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30%. Kikokotoo cha TRA kiko wazi mtandaoni. Kipitie kabla ya kutuma hata dola moja. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8, na ndiyo sababu moja magari ya mkononi huko yanashika bei.

Kwa mwenye kipato cha kawaida, mimi hupendelea gari la mkononi lililokuwa na mmiliki mmoja anayejulikana, injini isiyozidi cc 1500, na asilimia 10 hadi 15 ya bajeti ibaki mfukoni kwa matengenezo ya kwanza. Lione asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika huenda anaficha moshi wa bluu. Uliza kama linatumia mkanda wa taiming au cheni. Mkanda ambao hakuna anayejua ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa unakwenda kununua mpya. Angalia jina kwenye kadi, na deni la faini za barabarani.

Gari lako la zamani liuze kwa kusema ubovu wake. Mafundi hununua magari ya aina hiyo kwa ajili ya spea, na bei yao si mbaya kama bodi haina ajali. Lakini hata mnunuzi akilichukua kwa kulivuta, nendeni mkabadilishe umiliki siku hiyohiyo, maana faini zitakazopigwa kwa namba ile zitaendelea kuja kwa jina lililo kwenye kadi.